Kabla ya Kuilaumu Lithiamu, Ulizia Maji ya Betri

Simu yangu ya zamani ilikaa kwenye droo miezi kadhaa bila kuguswa. Siku niliyoitoa nilikuta kioo kimebenuka upande mmoja kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Ukiilaza mezani inayumba. Betri ilikuwa imevimba. Ndani ya kile kifuko cha alumini, chembamba kuliko kidole, kimiminika kilikuwa kimeanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi haikuwa na pa kutokea. Nikafanya jambo ambalo wengi hulifanya na hakuna anayepaswa kulifanya: nikaibonyeza kwa kidole gumba. Ilibonyea kama mto. Ndipo nilipokumbuka ninachobonyeza, nikaitoa nje taratibu na kuiweka juu ya saruji, mbali na kila kitu.

Tangu siku hiyo, kila nikisoma kwamba betri fulani mpya haina lithiamu na kwa hiyo haiwaki, naukumbuka ule mto. Kilichogeuka gesi mle ndani hakikuwa lithiamu. Kilikuwa kile ambacho mafundi wa magari hukiita maji ya betri na wanakemia hukiita elektroliti. Katika betri ya gari ya risasi hayo ni maji kweli, yaliyotiwa tindikali. Katika betri ya simu si maji hata tone: ni viyeyusho vya jamii ya kaboneti, vyepesi kushika moto, vilivyoyeyushiwa chumvi ya lithiamu. Hoja yangu katika mjadala huu wa betri mbadala haina marefu. Tunaulizia metali, ilhali tungeulizia maji.

Tuutazame moto wenyewe, maana wengi wanaouzungumzia hawaufuati hatua kwa hatua. Seli ya lithiamu-ioni ina elektrodi mbili, chanya na hasi, zilizotenganishwa na utando wa plastiki wenye unene wa mikroni 20 hivi, mwembamba kuliko unywele. Utando ukitobolewa, seli ikipondwa, au ikichajiwa vibaya hadi miiba ya metali ikaota na kupenya upande wa pili, umeme hupita njia ya mkato na joto likapanda. Kuanzia nyuzi 80 au 100 za Selsiasi, ngozi laini inayoilinda grafiti, ile kaboni ya upande hasi, huanza kuharibika, na kuharibika kwake kunazalisha joto jingine. Kwenye nyuzi 130 utando wa polietilini unayeyuka. Karibu na nyuzi 200, kathodi (elektrodi chanya) ya nikeli na kobalti inavunjika na kuachia oksijeni. Ubaya wote uko hapo: moto una kuni, una joto, na sasa una hewa yake mwenyewe inayotoka ndani. Ukiufunika kwa mchanga haukosi pumzi. Ndiyo maana zimamoto humwaga maji kwa saa nyingi. Kazi kubwa ya maji hayo ni kuzipoza seli za jirani zisifuate mkumbo.

Katika mlolongo huo lithiamu ina mchango wake, kwa sababu grafiti iliyoshiba lithiamu ni kali. Lakini kuni ni kile kimiminika, na pumzi ni ile oksijeni ya kathodi. Mtu akikuambia ameondoa lithiamu, bado hajakuambia kama ameondoa kuni au pumzi.

Kuna wakati lithiamu ilistahili lawama yote. Miaka ya 1970, Stanley Whittingham akiwa kampuni ya mafuta ya Exxon alitengeneza betri ya kuchajiwa iliyotumia lithiamu ya metali tupu, na mioto ikawasumbua. Mwaka 1989 kampuni ya Kanada ya Moli Energy ililazimika kuzirudisha betri zake za aina hiyo kutoka Japani, simu zilipoanza kuleta ajali. Dawa ilikuwa imeshapatikana: mwaka 1985 Akira Yoshino aliitoa metali, akaweka kaboni inayoipokea lithiamu ikiwa ioni, yaani chembe yenye chaji. Sony ikaiingiza sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 Whittingham, Yoshino na John Goodenough wakapewa Nobeli ya Kemia. Betri tunayoiogopa leo, basi, tayari imepunguzwa makali. Ila maji yake yalibaki yale yale.

Yalibaki kwa sababu ya namba moja: volti 1.23. Hapo ndipo maji ya kawaida huanza kugawanyika kuwa hidrojeni na oksijeni. Ujanja upo wa kusogeza mpaka huo; betri ya risasi yenyewe huuvuka hadi volti 2 kwa kuwa risasi ni mvivu wa kuyavunja maji. Lakini seli ya simu inafanya kazi kwenye volti 3.7 hivi, na hakuna maji yanayostahimili kiasi hicho kwa muda mrefu. Na kwa kuwa nishati ni volti mara chaji, kila volti unayoiacha unailipia kwa kilo. Kimiminika kinachowaka hakikuchaguliwa kwa uzembe. Kilinunuliwa pamoja na wepesi, na sisi tunaotembea na simu mfukoni ndio tuliokuwa wanunuzi.

Gharama ya wepesi huo inaonekana vizuri kwenye ndege. Januari 2013, ndege za Boeing 787 zilizuiwa kuruka duniani kote baada ya betri za ndege mbili kuungua ndani ya siku chache. Waliotarajia kemia mpya hawakuiona. Wahandisi walizipanga seli upya, wakaboresha chaja, kisha wakaifungia betri yote ndani ya sanduku la chuma cha pua lenye bomba la kutolea moshi nje ya ndege. Kemia ile ile ikarudi angani. Mimi naliheshimu sanduku lile kuliko matangazo mengi ya betri mpya, kwa sababu lilikiri waziwazi kwamba seli inaweza kuwaka, na likajiandaa kwa siku hiyo.

Ushahidi mwingine kwamba jina la metali si hukumu upo ndani ya ukoo wa lithiamu wenyewe. Betri ya lithiamu yenye fosfeti ya chuma, iliyotoka kwenye maabara ya Goodenough huko Texas katikati ya miaka ya 1990, ina lithiamu kama ndugu zake. Tofauti ni kwamba oksijeni yake imeshikwa na fosforasi kwa kifungo kigumu, hivyo haiachiliwi kirahisi. Kuni zipo, pumzi imebanwa. Haijawa kinga kamili, maana gesi inayotoka kwenye seli zilizopata joto kali inaweza kulipuka chumbani, lakini tofauti ni kubwa. Moto wa Januari 16, 2025 huko Moss Landing, California, uliosababisha zaidi ya watu 1,000 kuhamishwa, ulitokea kwenye betri za nikeli, manganisi na kobalti zilizopangwa ndani ya jengo. Wiki kadhaa baadaye mabaki yaliwaka tena.

Sasa twende kwa sodiamu, mgombea anayeshangiliwa kuliko wote. Sifa zake nyingi ni za kweli. Imejaa baharini, na katika ganda la dunia inaizidi lithiamu kwa zaidi ya mara 1,000. Hakuna nchi inayoweza kuibania. Kampuni ya betri ya CATL ya China ilitangaza seli yake ya kwanza ya sodiamu-ioni mwaka 2021 ikiwa na nishati ya wati-saa 160 kwa kilo, na Aprili 2025 ikaja na nyingine iliyoiita Naxtra, yenye wati-saa 175. Hizo ni namba za kuikaribia fosfeti ya chuma, na kwenye baridi kali sodiamu huhimili vizuri zaidi. Huko Hubei, China, ghala la umeme la sodiamu liliunganishwa kwenye gridi mwaka 2024, hatua yake ya kwanza ikiwa na megawati-saa 100.

Mwili wake mnene ndio unaoleta kazi. Ioni ya sodiamu ni kubwa kuliko ya lithiamu na uzito wake ni zaidi ya mara tatu, tena haikai vizuri kwenye matabaka ya grafiti. Watengenezaji hutumia kaboni ngumu, ile isiyo na matabaka yaliyonyooka, yenye mianya ya ovyo ovyo ambamo sodiamu hujipenyeza. Hapo kuna faida moja ambayo waandishi wengi huiruka, na mimi naiona kubwa kuliko zote. Lithiamu hujichanganya na alumini, ndiyo maana upande hasi wa betri ya lithiamu hulazimika kutumia karatasi ya shaba. Ukiimaliza chaji hadi sifuri, ile shaba huanza kuyeyuka, na siku ukiichaji tena huota pasipotakiwa. Sodiamu haichanganyiki na alumini kwa namna hiyo. Seli yake hutumia alumini pande zote mbili, na kwa hiyo inaweza kumalizwa chaji mpaka volti sifuri, ikafungwa ncha kwa ncha, ikasafirishwa ikiwa imekufa kabisa, kisha ikaamshwa ifikapo. Betri isiyo na nishati ndani yake haina cha kuwashia moto. Seli ya lithiamu husafirishwa ikiwa macho. Ya sodiamu inaweza kusafirishwa usingizini.

Lakini ikishachajiwa? Ndani ya seli nyingi za sodiamu-ioni zilizoko sokoni kuna maji yale yale ya jamii ya kaboneti, utando ule ule wa plastiki, na mara nyingi kathodi ya oksidi yenye matabaka ambayo nayo huachia oksijeni joto likizidi. Zinaweza kuwaka. Nyingine zina kathodi ya jamii ya buluu ya Prussia, rangi ya wachoraji tangu karne ya 18, ambayo haina oksijeni ya kuachia kwa namna ile; lakini umbo lake limejengwa kwa sayanidi, na ukiipasha joto kupita kiasi unapaswa kujiuliza moshi wake una nini. Kubadili lithiamu kwa sodiamu ukaacha mengine yote ni kubadili dereva na kuacha breki zile zile. Huenda dereva mpya ni mpole. Breki bado zinahitaji kukaguliwa.

Wasioingia kwenye ushabiki huu ni watu wa usafirishaji wa mizigo hatari. Katika orodha ya Umoja wa Mataifa, betri za lithiamu-ioni zina namba UN 3480. Sodiamu-ioni nazo zimepewa namba yao, UN 3551, na zimewekwa kundi lile lile la 9. Soma jina kamili la namba hiyo: betri za sodiamu-ioni zenye elektroliti ya kikaboni. Zile za sodiamu zenye maji ya alkali hazimo. Hizo husafirishwa pamoja na betri za kawaida za maji. Yaani waliokaa kuandika kanuni, ambao hawana cha kuuza, waligawa betri za metali moja mafungu mawili kwa kuangalia kimiminika. Sijaona makala ya teknolojia iliyolisema jambo hili vizuri kuliko mstari huo mmoja wa orodha.

Na kama mtu bado anaamini sodiamu ni neno la amani, kuna betri za sodiamu na salfa, zinazofanya kazi vikiwa vimeyeyuka kwenye nyuzi 300 hivi. Kampuni ya NGK ya Japani ilianza kuziuza mwanzoni mwa karne hii, na nyingi zimefanya kazi yake bila kelele. Septemba 2011 mojawapo iliungua katika kiwanda kimoja mkoani Ibaraki, moto ukachukua siku nyingi kuzimwa. Sodiamu iliyoyeyuka hairushiwi maji.

Kwa hiyo tuyatafute yale yasiyowaka tangu mwanzo. Familia ya betri za maji ni kongwe kuliko lithiamu kwa karibu miaka 200. Zinki ilikuwemo kwenye rundo la Alessandro Volta mwaka 1800, na imo leo kwenye betri ndogo za rimoti. Hakuna anayelala na wasiwasi kwamba rimoti itateketeza nyumba. Tabu ya zinki huja ukitaka kuichaji tena na tena: inaporudi kwenye elektrodi haitandazi sawasawa, inaota miiba, huku sehemu ya umeme ikipotea kuyavunja maji kuwa hidrojeni. Thomas Edison alishughulika na nikeli na zinki mwaka 1901, na hadi leo watafiti wanapambana na miiba ile ile. Mwaka 2015 kundi moja la Marekani lilionyesha kwamba ukiyashindilia maji chumvi nyingi kuliko maji yenyewe, karibu kila molekuli ya maji hushikwa na chumvi, na dirisha la volti, yaani kiasi ambacho maji hustahimili, likapanuka hadi karibu 3. Wazo zuri sana. Chumvi yenyewe ni ghali.

Ninayoipenda mimi katika familia hii ni ya metali iitwayo vanadi, na nakiri kwamba rangi zake zimenivutia. Maria Skyllas-Kazacos na wenzake wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, waliijenga miaka ya 1980. Ina matangi mawili ya tindikali yenye vanadi na pampu zinazozungusha kimiminika kupitia kitengo kidogo cha katikati. Vanadi ina hali nne za chaji, kila moja na rangi yake: zambarau, kijani, buluu, manjano. Ikichajiwa, tangi moja linageuka kutoka kijani kuwa zambarau, la pili kutoka buluu kuwa manjano. Unaweza kusoma chaji kwa macho. Na kwa kuwa pande zote mbili ni metali moja, zikivuja na kuchanganyika hakuna kilichoharibika. Unapoteza chaji, unachaji upya. Kimiminika hakishiki moto. Ukitaka nguvu ya saa nyingi zaidi, unaongeza tangi. Huko Dalian, China, kituo cha megawati 100 na megawati-saa 400 kiliunganishwa kwenye gridi mwaka 2022.

Sasa hesabu. Lita moja ya kimiminika hicho hubeba wati-saa 25 hivi. Betri ya simu ina wati-saa 15. Ungetembea na zaidi ya nusu lita ya tindikali mfukoni, bila kuhesabu pampu. Gari lenye kilowati-saa 60 lingehitaji lita 2,400; lingekuwa lori la kubebea tindikali linalojiendesha lenyewe. Vanadi haitakuja mfukoni, na hakuna maabara itakayoileta.

Betri ya chuma na hewa ni ya ajabu zaidi kwa jinsi ilivyo ya kawaida. Form Energy ya Marekani, iliyoanzishwa 2017, inatengeneza betri inayotoa umeme kwa kushika kutu na kuchajiwa kwa kuondolewa kutu, ikilenga kutoa umeme kwa saa 100 mfululizo. Elektroliti yake ni ya maji. Sehemu kubwa ya umeme unaoingia hairudi, na betri ni nzito kama jina lake, lakini malighafi ni chuma, na kutu haijawahi kumlipukia mtu.

Magnesi na alumini nitazipita haraka. Magnesi ya kuchajiwa ilionyeshwa na mwanakemia Doron Aurbach na wenzake mwaka 2000, alumini ya Chuo Kikuu cha Stanford ikashangaza dunia mwaka 2015 kwa kuchajiwa ndani ya dakika moja. Vichwa vya habari vya wakati ule vilitosha kujaza kitabu. Betri zenyewe bado hazijaonekana madukani. Betri za elektroliti ngumu nazo ni habari ya kweli, na kwa mtazamo wangu zinaelekea mahali sahihi kwa sababu zinagusa kimiminika, ambacho ndicho kuni. Ila nyingi zinairudisha lithiamu ya metali, ile aliyoiondoa Yoshino, na zile za salfaidi zikigusana na unyevu hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye sumu. Usalama hapo utategemea ufungaji.

Akufukuzaye hakwambii toka. Novemba 2022 tani ya kaboneti ya lithiamu nchini China ilifika karibu dola 80,000, na wawekezaji wakaikimbilia sodiamu. Kufikia katikati ya 2024 ilikuwa chini ya dola 15,000, na betri za fosfeti ya chuma zikashuka nayo. Northvolt ya Sweden, iliyotangaza seli ya sodiamu mwaka 2023, ilifilisika Machi 2025, ingawa matatizo yake yalikuwa mengi zaidi ya sodiamu. Natron ya Marekani, iliyotumia buluu ya Prussia, ilifunga Septemba mwaka huo huo. Wengi waliziuza betri hizi kwa hoja ya urahisi wa bei, na bei ya lithiamu iliposhuka hoja hiyo ikadhoofika. Hoja ya usalama, ambayo haishuki na soko la madini, waliiweka nafasi ya pili.

Ningewashauri waiuze kwa kituo cha umeme kwanza. Betri ya gridi haibebwi na mtu. Imekaa kwenye zege miaka 20, na uzito wake unabebwa na ardhi bure. Kuweka hapo kimiminika kinachowaka, ambacho sifa yake kuu ni wepesi, ni kulipia kitu usichokitumia na kukaa na hatari yake. Mfukoni na kwenye gari sitegemei maji karibuni; huko nitachukua fosfeti ya chuma, au sodiamu pale baridi inapouma, na sanduku zuri.

Ile simu yangu hatimaye niliipeleka kwenye kituo cha kukusanya betri chakavu, ndani ya ndoo ya bati yenye mchanga. Aliyeipokea alikuwa na mapipa kadhaa nyuma yake na glavu nene mikononi. Hakuniuliza ni ya metali gani. Aliinamia ndoo, akanusa, akauliza: "Imevuja?"